Slaidi ya Mzee Lugembe

Jumatatu, 4 Machi

Slaidi kumi na tisa kabla ya chai. Wiki ya tatu ya mafunzo kwa vitendo maabara, macho yanauma. Chuoni tulifundishwa kutazama bila haraka. Hapa foleni haingoji. Ya mwisho ya Mzee Lugembe, mrina asali, homa wiki mbili. Nimeandika: hakuna vimelea vya malaria.

Jumanne, 5 Machi

Nimepeleka majibu wodini. Saa nne asubuhi, Mzee Lugembe amelala akiwa ameketi, kipande cha kiazi mdomoni. Bintiye Kabula anasema usiku hukesha akisalimia watu. Wapagazi, wabeba mizigo wa zamani. Kwao Igalula nyumba iko kando ya njia ya zamani ya misafara. Bibi yake alikuwa akisema walioishiwa nguvu waliachwa hapo hapo. Mzee hakuwahi kuyaamini hayo.

Akafumbua macho. Akatazama miguu yangu.

"Sogea, mwanangu. Anataka kutua mzigo."

Nikasogea. Mbele ya wodi nzima. Nimeona aibu. Woga umezidi aibu.

Jumatano, 6 Machi

Mchana usingizi, usiku macho. Neno limenijia nikipiga mswaki: malale. Ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na ndorobo, na mrina asali anashinda msituni na ndorobo.

Nimekwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha slaidi. Ya Mzee tena chini ya darubini: vimelea vimo. Nyuzi tatu za zambarau kati ya seli. Jumatatu nilizipita. Nilikuwa natafuta malaria tu.

Nimemwambia Mama Theresia, msimamizi wangu. Hakufoka. Afadhali angefoka. Akamtoa Mzee tone jipya la damu, akaniachia darubini. Seli zinasukumwa huku na huku, kama umati unaopasuliwa na mtu asiyeonekana. Kisha nikakiona kimelea chenyewe. Kinajinyonganyonga, kizima.

Alhamisi, 7 Machi

Kitanda kitupu. Wajomba wa Kabula wamemtorosha kabla dawa haijaanza, wanampeleka kwa mganga. Tumewakuta stesheni, mimi na Mama Theresia. Treni imechelewa. Mzee ameketi juu ya furushi, anainua mkono kusalimia. Mmoja, mwingine, mwingine. Upande ule wa reli hapakuwa na mtu.

Kabula yuko nao; nimemwambia kweli yote.

"Kosa la Jumatatu ni langu, dada. Ila ugonjwa sasa nimeuona kwa macho yangu. Dawa ipo."

Nilidhani atanipiga. Akawageukia wajomba.

"Baba hapandi."

Jumatano, 27 Machi

Mzee Lugembe ameruhusiwa. Amekuja maabara kwa miguu yake, Kabula nyuma. Nimemwamkia, kaitikia marahaba kwa sauti nzito. Wapagazi hawakumbuki hata kidogo. Nikamwambia: slaidi yako ya kwanza niliikosea.

Akafikiri.

"Ukairudia," akasema.

Mlangoni alisimama kando kidogo, kama anayempisha mtu. Ndipo wakatoka.

Nimeosha vioo vya slaidi mpaka saa kumi.