Breki Mpya za Gari la Baba

Wodi ya Wanawake,
Makueni.
Jumapili, 8 Septemba 2024.

Mpendwa kaka yangu Kiilu,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikiomba barua hii ikukute hapo Doha ukiwa mzima wa mwili na wa roho. Joto la huko likoje? Mulwa mwenzako wa kazini alisema mnaanza kazi alfajiri ili jua lisiwamalize. Na kile kifua chako, kilipona? Sisi huku tunapumua, na wiki hizi nimejua kwamba kupumua si jambo dogo.

Barua hii anakuletea Mumbua, yule binti wa jirani yetu wa Nunguni anayerudi kazini huko keshokutwa. Kwa simu nilikuambia tu kwamba Mwaitu, mama yetu, amelazwa. Mengine nimeyaweka kwenye karatasi makusudi. Ukiyasikia kwa simu utampigia Baba ukiwa bado na hasira, na Baba kwa sasa hawezi kubeba hata neno moja. Tafadhali isome mpaka mwisho kwanza.

Kiilu, breki za Datsun ya Baba zilikufa mlimani, na Mwaitu alikuwa ndani.

Ilikuwa mwezi wa saba, siku yake ya kwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Baba alimweka kiti cha nyuma kama kawaida, na mto wake na bakuli lake la kutapikia, wakaanza kuteremka kutoka Nunguni. Mbele yao kulikuwa na lori la mchanga likijikokota. Baba akawa anakanyaga breki na kuachilia, anakanyaga na kuachilia, mpaka harufu ya kuungua ikajaa garini. Walipofika ile kona kali, pedali ikazama mpaka sakafuni na gari lisipunguze mwendo. Akavuta breki ya mkono, haikushika. Akakata usukani upande wa mlima, gari likapanda ukingo na kulalia matuta ya shamba la mtu. Upande wa pili ni bonde tupu, unalijua.

Mwaitu alipasuka paji la uso. Baba hakuumia hata ukucha, na hilo ndilo limemmaliza. Watu waliokimbia kusaidia walimkuta amepiga magoti kwenye udongo, amemshika Mwaitu miguu, anarudia, "Nimekuua, Ndila. Nimekuua." Mwaitu ndiye aliyemnyamazisha. "Ndeti, mimi ni mzima. Nipe leso nifute damu."

Tangu siku hiyo Baba hakugusa funguo tena. Kijana mmoja wa Nairobi, wa wale wanaopamba magari ya zamani, alikuja kuuliza kama linauzwa. Baba akamwambia alichukue bure. Nilipopigiwa simu na shangazi Nthenya nilifunga duka langu Makindu, nikapanda Nunguni, nikamfukuza yule kijana na funguo nikazitia kifuani.

Maana gari lile lilikuwa ndiyo njia ya pekee ya Mwaitu. Tulijaribu magari ya kukodi. Anatapika njiani, unajua alivyo, na madereva wawili walikataa kumbeba mara ya pili. Wa tatu alichelewa mpaka tukakuta mashine imepewa mgonjwa mwingine. Kwenye pikipiki ya boda hawezi kukaa. Akaanza kukosa siku zake za mashine, na mwili ukaanza kujaa maji. Nilimwona akijaribu kuvua pete ya ndoa kwa sabuni na haitoki, nikatoka nje nikalie nyuma ya choo asinione.

Nilikwenda kwa Nuradin, fundi wa magari aliye jirani na duka langu. Datsun ikapakiwa kwenye lori ikashushwa Makindu. Akafungua magurudumu ya mbele, akanusa, akatikisa kichwa. "Hizi breki ni za dramu, dada. Kwa mlima mrefu zinapika joto ndani kama sufuria imefunikwa, mpaka mafuta ya breki yachemke. Diski iko wazi, upepo unaipoza. Kama ni mama yangu anapanda hii gari, singerudisha dramu. Ningeweka diski."

Nikamwambia aweke. Akacheka bila furaha. Diski za kuingia pale hazipatikani dukani siku hizi. Ilitakiwa miguu yote ya mbele, yaani vyuma vinavyoshika magurudumu na breki zake, ya Datsun mpya kidogo kuliko ya Baba, na yeye alijua moja tu, iko Tseikuru kwa mama mmoja aitwaye Ismahan, mjane wa mfanyabiashara wa mifugo. Alimpigia mbele yangu. Mama akasema gari la marehemu haliuzwi, akakata.

Nikaenda mwenyewe. Tseikuru ni mbali, ndugu yangu, nilifika nimekuwa mwekundu kwa vumbi. Nilikuta gari limeegeshwa kando ya zizi, milango iko wazi, na wana-mbuzi wamelala juu ya viti. Mama Ismahan alinipa chai ya maziwa kabla hajaniuliza shida yangu. Nilipoisema akageukia lile gari. "Nilishamwambia Nuradin hapana. Nyinyi mnataka kukatakata mali ya mtu aliyekufa?"

Nilimwonyesha tu kwenye simu picha ya miguu ya Mwaitu ilivyovimba. Nikamwambia, "Mama, sina pengine pa kwenda. Ukininyima narudi kumwangalia akizama."

Halafu akaniambia kwamba mama yake mwenyewe alifia Garissa yeye akiwa bado njiani, gari limekwama mchangani. "Chukua hiyo miguu ya gari," akasema. "Lakini lipandisheni juu ya mawe vizuri, lisiwaangukie watoto wa mbuzi." Fundi wa pale akafungua, tukaliweka juu ya mawe manne, na kabla sijaondoka wale wana-mbuzi walikuwa wamesharudi vitini.

Nilirudi Makindu nikidhani nimeshinda. Nuradin alifunga diski, akaweka na masta mpya, ile pampu ya mafuta ya breki, ya njia mbili, ili upande mmoja ukikatika mwingine ushike. Alipochukua magurudumu ya Baba kuyarudisha, hayakuingia. Rimu ni ndogo, zinagusa chuma cha breki. Hapo hapo simu ikaita, shangazi akisema Mwaitu halali tena, anakaa usiku kucha ameinama mbele akitafuta hewa. Nilikaa chini kwenye oili ya gereji nikapiga yowe. Nuradin akaweka spana chini, akatoka nje. Baadaye nilimsikia akizungumza Kisomali kwenye simu. Ni Mama Ismahan tena. Rimu zake zilikuja juu ya lori la mbuzi linaloenda sokoni, zimefungwa pamoja kwa kamba, na hakutaka hata asante ndefu.

Nuradin alilijaribu gari barabarani Makindu mpaka akaridhika. Kisha akanipa usukani, kwa sababu Baba alikataa. "Breki ni nzuri, lakini mlima usiuachie breki peke yake. Shuka na gia ya pili," akaniambia. Mimi, ambaye sijawahi kuendesha kule juu! Nilipanda Nunguni mikono ikiteleza kwa jasho.

Baba alisema hapandi gari. Mwaitu, ambaye kufikia hapo alikuwa akisema neno moja moja, akamwambia, "Ndeti. Panda." Akapanda nyuma, akamkumbatia, akaficha uso wake mabegani mwa Mwaitu. Nikateremka na gia ya pili. Kwenye ile kona mbuzi wakavuka barabara. Nilikanyaga, Kiilu, na gari likasimama. Lilisimama kama limeshikwa na mkono wa mtu. Nyuma nikasikia sauti nisiyoijua, nikageuka. Ni Baba analia.

Tulifika hospitali hapa Makueni, lakini tulichelewa. Daktari anasema maji yalishaingia kwenye mapafu. Wamemsafisha damu mara mbili, uvimbe umepungua, lakini bado yuko kwenye oksijeni na kuna wakati ananiita kwa jina la shangazi. Siwezi kukudanganya kwamba atapona. Hakuna anayeniahidi, na mimi nimechoka kuuliza.

Baba haingii wodini. Anasema hana uso wa kumtazama. Jana jioni nilichungulia dirishani nikaona taa nyekundu za nyuma za Datsun zinawaka na kuzimika, zinawaka na kuzimika. Nikashuka. Yuko peke yake kwenye kiti cha dereva, gari limezimwa, anakanyaga breki. Nikamwita. Aliendelea kukanyaga.

Kaka, miaka miwili iliyopita ulimwambia abadilishe hizo breki. Akakujibu kwamba gari hilo lilishuka mlima ule kabla hujazaliwa, mkarushiana maneno, na tangu hapo salamu zenu hupitia kwangu. Kila siku ananiuliza kama umeshajua. Anaogopa sauti yako kuliko anavyoogopa mlima. Ulikuwa na haki, nakubali. Lakini nakuomba, nakupigia magoti, mpigie simu na usiseme kwamba ulimwambia. Muulize kama amekula. Mwambie aingie wodini akae na mkewe, muda ungalipo. Mimi nimemwambia mpaka sauti imekauka, na hanisikii. Wewe atakusikia. Na kama mwajiri wako ana huruma yoyote, njoo.

Shangazi Nthenya anakusalimu, anakuombea kila ibada. Nuradin naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Msalimie Mulwa, mwambie aache kukuficha ukiugua.

Mungu akufunike huko ugenini, na akufungulie mdomo kwa upole.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na ninayekungoja,

Muthoki.