Nimejitenga na Watu kwa Sababu ya Mkojo

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako kabla uzee wangu haujaisha kama wa mtu asiye na jamaa. Mimi ni mkulima wa kahawa hapa Maruku, nina mke wangu Theopista na binti mmoja, Immakulata, na shida yangu, waitu, ndugu yangu, ni mkojo, nasema bila kuficha kwa kuwa hunijui sura, ukinibana haunipi nafasi ya kuinuka, nikifika kichakani unatoka matone tu, nasukuma, nasubiri, nikidhani umekwisha nashusha kanzu nao unaniloanisha.

Siku ya harusi ya Immakulata kule Kagondo niliketi katikati ya wakwe, lubisi, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, mzee wao akasimama kusema maneno nami nikaona aibu kuinuka, nikajikaza, mara kanzu ikalowa, nikatoroka kupitia migombani bila kuaga, na mzee yule akauliza mbele ya watu, "Baba wa binti ametudharau?" Theopista ndiye aliyenisimulia.

Tangu hapo kanisani siendi, rafiki yangu Mujuni alikuwa akija kunichukua twende kunywa, kila mara namwambia, "Kichwa kinauma," mpaka akaacha kuja. Nimehamia kibanda cha kuwekea kahawa, Theopista akaniuliza, "Nimekukosea nini?" nikamjibu, "Niache," na sasa ananiwekea chakula mlangoni na kuondoka. Nasikia watu wakipita njiani wakicheka, hakuna anayepiga hodi. Maji nimeacha kunywa ili nikauke. Mganga anasema wakwe wameniloga. Sasa Immakulata amejifungua, ametuma neno: "Baba asipokuja kumwona mwanangu, nitajua amenikana." Nifanyeje?

Mpweke wa Maruku

Mzee wangu, shikamoo. Pole sana, lakini niruhusu nikugombeze, maana ugonjwa ni mmoja na wewe umeuongezea mwingine.

Hujalogwa. Wanaume wengi wakizeeka, tezi iliyo chini ya kibofu hukua na kuubana mrija wa mkojo. Si laana, wala si malipo ya uasherati. Wakwe zako waache, aliyewakimbia ni wewe.

Kunywa maji! Ukiyakataa, mkojo unakuwa mkali na kukuchoma bure. Kunywa mchana, punguza jioni, na lubisi uipe likizo. Ukibanwa, inuka, hata kama anayehubiri ni askofu. Ukimaliza usiharakishe, tulia kidogo, ujaribu tena. Kisha nenda hospitali Bukoba ukapimwe, umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Si kila mwenye shida hii hupasuliwa. Lakini ukiona damu, ukashikwa na homa, au mkojo ukagoma kabisa, usingoje kupambazuke: wakubebe siku hiyohiyo, hiyo ni hatari ya kufa.

Na huyo Theopista, mzee wangu, kakosa nini? Umemwacha mwanamke apike, abebe sahani mpaka mlangoni, arudi peke yake akijihesabia makosa asiyoyatenda. Hilo ni baya kuliko kanzu iliyolowa.

Leo hii mwite aketi, umwambie ukweli wote. Mpange pamoja namna ya kwenda Kagondo: kanzu ya pili kwenye kikapu, kiti karibu na mlango. Maneno ya kumwambia Immakulata mwachie mama yake, yeye atajua pa kuanzia. Wewe kazi yako ni kumpakata mtoto.