Mama Mzazi Ndiye Mimi

Shoga, hakuna kichanga kinachonishinda kubembeleza! Ukiwatoa wanangu wote, lakini.

Leo kajukuu kangu njiti kanalia ndani ya kile kisanduku cha joto, mama yake bado yuko chumba cha upasuaji, na nesi kaziba mlango: "Haingii mtu ila mama mzazi."

Ningekaacha kalie? Nikavaa gauni, kofia na barakoa, yakabaki macho. "Mama mzazi ndiye mimi."

SHOGA, AKANIAMINI!!

"Usimpapase, atachoka," akanielekeza. "Mkono mmoja kichwani, mwingine miguuni, utulie tu."

Nikatulia. Kakanyamaza! Kimya kabisa!

Nesi akafurahi. "Hongera, mama. Sasa fungua kifua, anyonye."

Weee! "Maziwa hayajashuka," nikasema.

Akaishusha barakoa yangu polepole. "Na yatashuka lini, bibi?"