Supu Iliyopoa kwa Sala

Daegu,
14 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Jeong-im,

Amani ya Bwana ikufikie huko São Paulo. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Kile kifua chako kimepona, au bado unakohoa usiku? Mimi ni mzima, ila magoti yananikatalia ngazi.

Ile kazi ya mkahawa wa supu bado ninayo. Tulikuwa wanne, tumebaki wawili: Bibi Hwang mwenye mkahawa jikoni, mimi ukumbini. Hataki kuajiri. Amebandika kengele kwenye kila meza, na wateja wanaibonyeza kama watoto waliopewa kichezeo. Kabichi ya pilipili ikiisha, kengele. Maji, kengele. Nikichelewa, wananiita kama wanavyoita kila mhudumu: "Shangazi, umelala huko?"

Tangu wenzangu waondoke, Jumapili pia nafanya kazi. Kanisani sijaingia vuli yote.

Jumapili iliyopita wakaja watu wa kanisa letu wenyewe, wametoka ibadani, Biblia mezani. Nilipofika na sinia ya vyungu vya supu inayotokota, Mzee Pyo alikuwa ameanza kuombea chakula. Ningewezaje kugonganisha vyungu katikati ya sala? Nikasimama, kichwa chini, sinia mikononi. Akaombea taifa, wagonjwa, wamisionari, na wote wenye kazi nzito. Baada ya amina akaonja, akasukuma chungu.

"Shangazi, hii imepoa. Mwenyewe yuko wapi?"

Bibi Hwang akanitaka niombe radhi. Nilipoinama, barakoa ninayovaa kazini ikateremka, mzee akanitambua.

"Kumbe Dada Bok-rye. Mbona hatukuoni kanisani? Usiipende sana dunia, dada."

Wenzake wakaitikia amina. Nikaenda kuipasha supu.

Sasa Bibi Hwang anataka nimwahidi Jumapili zote kabla ya mwaka mpya, la sivyo atatafuta mwingine. Nikikataa, kwa umri huu nani atanichukua? Nikikubali, nimeliacha kanisa. Na nikirudi kanisani, nitaketi nyuma ya Mzee Pyo nimsikilize akiomba. Mungu anisamehe, hilo ndilo linalonishinda zaidi.

Mchungaji siwezi kumweleza, yeye na Mzee Pyo wanakula pamoja. Nimebaki na wewe.

Nisalimie shemeji na watoto, Do-hun na yule mdogo, Se-rin. Bwana awafunike kwa mkono wake.

Niambie ungefanya nini. Tafadhali nijibu upesi.

Dada yako akupendaye na kukuombea,
Bok-rye