Sanduku la Katikati kwa Enid

Geoff, uko wapi? Nimejifungia ndani ya gari nje kwa Enid, mjane wa Barnaby, yule anayeuza spika ndogo za marehemu. Aibu niliyoipata leo sijawahi kuiona.

Unajua ninavyozipima. Ubora wa spika uko kwenye sanduku lake: unaligonga kwa kidole, likilia kama debe unaondoka, likinyamaza kama jiwe unanunua.

Sasa Enid kaenda jikoni kuchemsha chai. Kwenye rafu kuna masanduku matatu ya mbao. Nikagonga ya pembeni, safi. Nikagonga la katikati. Bwana wee, kimya kabisa.

Nikapaza sauti: “Enid, hili la katikati linayashinda yote. Zito, halitetemeki hata kidogo.”

Katoka na birika mkononi. “La katikati ni Barnaby,” akasema. “Majivu yake.”

Majivu yake, Geoff. Nimemgonga Barnaby mara tatu, na sikio nimeweka.

Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza: “Kaa unywe chai. Miaka arobaini alikuwa akigonga masanduku ya spika za watu na kuyakosoa. Angefurahi kusikia lake limefaulu.”