Uji wa Mwenye Boma

Kwa shemeji Rwamba, Embu mjini,

Huku Mbeere tunaendelea. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha. Kaburi la binti yangu Makandi bado halijaota nyasi.

Nimesikia Jumamosi unapokea wageni wa mahari hapa nyumbani. Uji wao nitaupika kwa maji ya kuchemsha. Lakini kibuyu chako, kile mwenye boma hunywa kwanza wageni wakiangalia, nitakizimua na maji ya bomba. Si wewe mwenyekiti wa maji ulituambia ni safi, hayahitaji dawa? Makandi alikuamini, akayanywa, homa ya matumbo ikamchukua.

Maji yako ya chupa yaache kwa gari. Ukikataa uji, waeleze wakwe sababu.

Ni mimi, mke wa ndugu yako,
Kaari