Neno la Gereji

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, baada ya alasiri

Mdogo wangu Shakuru,

Assalaam alaikum warahmatullah. Natumaini waraka huu utakukuta mzima huko Rumonge, wewe na shemeji yangu Raihana na watoto, na kwamba kile kikohozi cha Raihana kimeisha. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Goti langu la kushoto hunikumbusha umri kila ninapoinuka kwenye swala, lakini halijanizuia kwenda msikitini wala kwenye mchezo. Mvua zimepungua, vumbi limerudi, na mafundi wa mtaa wetu wamerudi kulala chini ya magari.

Mchezo wetu wa herufi ungali unaendelea mbele ya nyumba yangu, kila Jumamosi saa kumi. Wewe unaujua, lakini huenda wanao wakasoma barua hii, basi niruhusu nieleze. Tuna kopo la maziwa lililojaa vifuniko vya soda, na juu ya kila kifuniko nimeandika herufi moja. Mtu anatoa vifuniko vinne bila kutazama. Kila mchezaji anatafuta neno la Kiingereza lenye herufi hizo zote nne, kwa mpangilio wowote, na herufi nyingine ruksa. Mwenye neno refu kuliko wote ndiye mshindi, na jina lake linaingia kwenye daftari. Siri ya mchezo ni kutokukimbilia neno la kwanza. Mtu akishapata neno fupi, akili yake hukaa kitako. Mwenye subira hulishika neno hilo mkononi na kuuliza kama halina kaka mkubwa.

Mwamuzi nilikuwa mimi, kwa sababu mbili. Nilifundisha Kiingereza miaka thelathini na moja katika nchi ambayo wasomi wake huota kwa Kifaransa, na kamusi ilikuwa yangu.

Sasa nikupe habari ya jana. Tumepata mchezaji mpya, mama mmoja wa Uvira aitwaye Annick, ambaye amefungua duka la vipuri ng'ambo ya barabara. Mwanzoni alikuwa akisimama tu pembeni na kututania kwamba wazee wazima tunacheza na vifuniko kama watoto. Jana akavuta kiti, akaketi.

Zikatoka B, C, G na T. Jirani yetu Gaspard, yule karani mstaafu wa posta, alifikiri sana, kisha akatoa neno subtracting, herufi kumi na moja, akaanza kujipepea kwa kofia yake kama mtu aliyemaliza kazi. Ndipo Annick akasema turbocharger. Tukahesabu: kumi na mbili. Nikafungua kamusi yangu, ile ile ya zamani. Halikuwemo. Nikamwambia kwa upole kwamba neno hilo silioni, na nisichokiona sikubali.

Mama yule alinitazama kama anavyomtazama mteja anayeomba kupunguziwa nusu ya bei. Akasema, “Mwalimu, kama hili si neno, mi nauza nini kila siku?” Akainuka, akavuka barabara, akarudi na boksi la kipuri hicho amelikumbatia kama mtoto mchanga. Neno lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kama dole gumba, hata mimi nililisoma bila miwani. Watu walicheka mpaka Gaspard akaangusha kofia. Mafundi waliotoka kwenye magari yao kuja kutazama walisema wanalijua neno hilo tangu wakiwa wanagenzi, na kwamba Kiingereza cha Buyenzi kimeandikwa kwenye maboksi.

Nikampa Annick ushindi wake. Lakini kicheko kilipotulia, Gaspard akasema polepole kwamba hata wewe ulileta neno la gereji siku ile, nami nikalikataa. Akaniuliza kama niliwahi kulitafuta tena.

Mdogo wangu, nilimjibu mbele ya watu wote, na sasa ni haki yako usikie kwangu mimi.

Siku ile, miaka minne iliyopita, zilitoka C, F, H na U. Gaspard alisema cheerfully, herufi kumi. Wewe ulisema countershaft, herufi kumi na mbili, ukatueleza kuwa ni mhimili ulio ndani ya giaboksi. Nilifungua kamusi, nikaifunga, nikasema hicho ni Kiingereza cha grisi. Watu wakakuita Profesa Grisi. Ulicheka pamoja nao, ukafuta mikono, ukaenda zako, na hukurudi tena kucheza. Ulipohamia Rumonge ulisema kazi ni nyingi huko, nami nikajifanya nimeamini.

Jumatatu yake, Shakuru, nilikwenda mtaa wa Mutanga Sud kwa rafiki yangu mwenye kamusi kubwa. Neno lako lilikuwemo, na maana yake ni ile ile uliyotueleza. Nililisoma mara mbili, nikanywa chai ya mwenyeji wangu, nikarudi nyumbani nikanyamaza. Nilikusomesha mimi baada ya baba kufariki, mpaka ulipoacha shule uende gereji, na sikuweza kuvumilia kwamba umefika mahali ambapo mimi sijafika. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta miaka minne, sikuiona.

Jana tulifungua daftari ukurasa wa siku ile, Gaspard mwenyewe akashika rula nikapiga mstari juu ya jina lake, nikaandika lako. Uamuzi nimeuacha, wamemchagua Annick, na anakubali kamusi na maboksi, vyote viwili.

Lakini daftari si wewe. Ijumaa, baada ya swala, nitapanda gari nije Rumonge nikuombe radhi kwa mdomo wangu. Kama hutaki kuniona, nenda gereji, na Raihana aniambie una kazi nyingi. Nitaelewa. Nitakunywa chai yake, nitawasalimia watoto, nitarudi Buyenzi, na Ijumaa inayofuata nitakuja tena.

Wape wote salamu zangu. Mwenyezi Mungu awalinde.

Ni mimi kaka yako,
Massoudi